Nilisikiza King Crimson yote, hata zile albamu mbaya

Kila nikitaja King Crimson hapa napata swali lile lile, limevaa nguo tofauti tu: kwani nyimbo zimeisha Kenya? Wengine wananiuliza kwa upole. Wengine wananiita mzungu wa Kayole. Leo najibu vizuri kwa sababu nimemaliza. Albamu 13 za studio, kutoka ile ya 1969 hadi ile ya 2003, kwa mpangilio zilivyotoka, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka hata mmoja. Kila wiki albamu moja, angalau mara mbili, simu imelazwa kifudifudi. Imenichukua wiki 14, kwa sababu kuna moja niliahirisha. Nitafika hapo.

Hoja yangu muijue mapema, msiseme nimewazungusha. Bendi kama hii huwezi kuijua kwa nyimbo tano kali ambazo programu ya simu imekuchagulia. Zile tano zitakuonyesha wanajua kupiga gita. Hazitakuonyesha iliwagharimu nini. Hiyo imejificha kwenye albamu zenye watu huziruka.

Na kuna sababu ya kibinafsi kidogo. Mimi hula kwa sekunde. Kazi yangu ni kutengeneza vipande vifupi, na kila jioni naangalia ile grafu inayoonyesha watu wameniacha sekunde ya ngapi. Sekunde ya tatu, wengi wameenda. Sasa ukiangalia hiyo grafu mwaka mzima, inahamia kichwani. Nilifika mahali siwezi kumaliza wimbo mmoja, hata wa dakika tatu, hata wa msanii ninayempenda. Korasi ya kwanza ikiisha, kidole kimeshaenda chenyewe. Manze, masikio ndiyo mtaji wangu, na mtaji ulikuwa unaisha nikiuangalia. Kwa hivyo hii safari haikuwa ya kujionyesha. Nilitaka kujua kama bado naweza.

Kwa wale hawajui: King Crimson ni bendi ya Uingereza, iliundwa mwisho wa 1968. Muziki wao huitwa roki ya progresivu, yaani roki iliyokataa kukaa ndani ya dakika tatu. Inaiba kutoka jazi, inaiba kutoka muziki wa okestra, na ikichoka inapiga kelele tu. Mtu mmoja pekee yuko kwenye albamu zote 13, mpiga gita Robert Fripp. Wengine wote wameingia na kutoka kama abiria wa mat.

Niliwajua kupitia Kanye West. Ile "Power" ya 2010 imechukua kipande cha "21st Century Schizoid Man", wimbo wa kwanza kabisa wa albamu yao ya kwanza. (Mambo mengine ya Kanye tuyaache leo, hatutamaliza.) Kuwapata wenyewe haikuwa rahisi. Fripp alikuwa ameuzuia muziki wao kwenye Spotify na majukwaa mengine hadi Juni 2019, wakati bendi ilikuwa inasherehekea miaka 50. Kwa hivyo kizazi chetu tulifunguliwa mlango miaka 50 baada ya karamu kuanza, chakula kimepoa, lakini kiko chote mezani.

Albamu ya kwanza, In the Court of the Crimson King, ilitoka Oktoba 1969. Julai ya mwaka huo walikuwa wamepiga Hyde Park, London, kabla ya Rolling Stones kupanda, mbele ya umati wa kutisha, na bendi haikuwa hata na mwaka. Ule wimbo wa Kanye unazidi dakika saba. Sauti ya mwimbaji imekwaruzwa kama inatoka kwa redio mbovu. Katikati, saksafoni, gita, besi na dramu zinakimbia pamoja, zinasimama ghafla, kimya, zinaanza tena zote kwa wakati mmoja, kama dereva wa mat ameona karao mbele. Halafu wimbo wa pili ni filimbi. Filimbi ya polepole, na mtu anaimba kana kwamba hataki kumwamsha aliyelala chumba cha pili. Ukiruka hapo kwa sababu ni wa pole, umekosa mpango mzima. Ule upole una ladha kwa sababu masikio bado yanalia kutoka wimbo uliotangulia.

Jalada mnalijua hata kama bendi hamuijui: uso mwekundu, mdomo wazi mpaka koo linaonekana, macho yanatazama kando kwa hofu. Aliyeuchora, Barry Godber, alikuwa mtu wa programu za kompyuta. Alikufa Februari 1970 akiwa na miaka 24, albamu haijamaliza hata miezi mitano sokoni. Hilo ndilo jalada lake moja tu. Mimi nikiwa nasikiza nilikuwa naliweka kwenye skrini ya kompyuta na siwezi kulitazama sana usiku, nawaambia ukweli.

Kuna sauti moja kwenye hiyo albamu naomba muiweke mfukoni, nitaihitaji baadaye. Ni kama violini nyingi zinalia kutoka nyumba ya jirani, zimechakaa kidogo. Hizo si violini. Ni Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe kinavuta kipande cha kanda kilichorekodiwa ala halisi. Ukibonyeza, kanda inatembea. Baada ya sekunde nane hivi kanda inaisha, lazima uachilie ndiyo irudi mwanzo. Kilikuwa kinasumbua, kinapoteza sauti yake kila mara. Na ndiyo sababu kinauma hivyo ukikisikia.

Mwaka ule ule wa 1969 haujaisha, bendi ikavunjika. Walikuwa ziara Marekani mwezi wa Desemba, Ian McDonald na mpiga dramu Michael Giles wakasema wanatoka. McDonald huyu ndiye saksafoni, ndiye filimbi, ndiye Mellotron, na mkono wake uko kwenye utunzi wote. Fripp aliwaambia afadhali yeye ndiye atoke, wao wabaki na bendi. Wakakataa. Mwimbaji Greg Lake naye akaondoka mwaka uliofuata kwenda kuanzisha Emerson, Lake & Palmer. Fikiria: umetoa kitu ambacho watu watakuwa wanakizungumzia miaka 50 baadaye, na kabla mwaka ufike mwisho umebaki na gita na mtu wa kukuandikia maneno.

Hapa ndipo mashabiki wengi huruka kutoka 1969 hadi 1973. Msiruke. Hapa ndipo raha iko.

In the Wake of Poseidon, Mei 1970, ni mtu anajaribu kukumbuka ndoto. Imepangwa karibu sawa na albamu ya kwanza: kelele, halafu upole, halafu ule mrefu wa huzuni wenye Mellotron. Wiki hiyo nilikuwa nakasirika. Nilikuwa nasema, bana, hii nimeshaisikia. Lakini ilikuwa inatengenezwa na watu ambao baadhi yao walikuwa tayari wametoka mlangoni. Lake aliimba nyingi kati ya nyimbo zake kisha akaenda zake. Kuna wakati hata Elton John alikuwa amepangwa kuja kuimba, Fripp akaghairi. Ukijua hivyo, ile nakala inaanza kusikika tofauti. Ni mtu anapika chakula cha mamake siku ya kwanza mamake hayuko.

Lizard ilitoka Desemba ya mwaka huo huo, na hii, wasee, ilinishinda. Piano ya Keith Tippett inaanguka kwenye ngazi, tarumbeta zinagombana, mwimbaji mpya Gordon Haskell anaonekana amepotea njia (na kweli akatoka). Upande wa pili wa sahani ni wimbo mmoja wa dakika 23, na wa kuufungua wakamkopa Jon Anderson wa Yes. Mara ya kwanza nilihesabu kucha zangu. Mara ya pili nikasikia kasehemu katikati, zumari na pembe zinapokezana polepole, kazuri sana, kamezungukwa na fujo pande zote. Siwezi kusema naipenda hii albamu. Naweza kusema niko na hako kasehemu, na hakuna mtu angenipa isipokuwa ningeenda kukatafuta. Fripp mwenyewe hakuipenda kwa miaka mingi, mpaka Steven Wilson alipoichanganya upya mwaka wa 2009 ndipo akaanza kuisikia. Mwenye nyumba alichukua karibu miaka 40. Mimi wiki moja si mbaya.

Islands, Desemba 1971, nitapita haraka. Walikosa mtu wa besi, Fripp akamfundisha mwimbaji Boz Burrell kupiga besi kutoka sifuri. Huyo Boz alikuja kuwa mpiga besi wa Bad Company. Baada ya albamu hiyo yule mwandishi wa maneno, Peter Sinfield, pia akaondolewa. Na hapa kuna kitu kitawapendeza wale wamelelewa na redio ya Jumapili: Sinfield huyu huyu, wa madragoni na wafalme wekundu, ni mmoja wa wawili walioandika "Think Twice" ya Celine Dion. Mathee anaijua yote kwa moyo. Nilimwambia kuwa mwenye kuandika hiyo ndiye aliandika ile kelele huwa analalamikia usiku. Aliniangalia tu.

Sasa Machi 1973. Larks' Tongues in Aspic. Watu wapya wote isipokuwa Fripp. John Wetton besi na sauti, David Cross violini, Bill Bruford dramu (aliacha bendi ya Yes ikiwa inapata pesa ili aje huku, fikiria), na Jamie Muir kwenye kila kitu kinachoweza kugongwa: minyororo, kengele, mabati. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nikabonyeza. Na kitu cha kwanza kinachosikika ni kalimba.

Kalimba, wasee. Ile ya vidole gumba, ya vyuma juu ya ubao. Muir anaipiga peke yake, polepole, halafu kengele ndogo zinaingia, halafu violini, na inachukua dakika kadhaa kabla gita lije kuvunja kila kitu. Binamu yangu ambaye hunicheka alikuwa amekaa hapo karibu. Akauliza hiyo ni ya wapi, ya huku kwetu? Nikamwambia ni ya London. Akanyamaza, halafu gita likaingia, akaondoka. Sisemi hiyo kalimba inafanya King Crimson iwe yetu. Muir alikuwa mtu wa kuokota sauti kokote, na kwake kalimba na bati pengine vilikuwa kwenye kikapu kimoja. Nasema tu kwamba mpaka kati ya "muziki wao" na "muziki wetu" huwa ni mnene zaidi kwa watu ambao hawajasikiza. Muir mwenyewe hakukaa. Mapema 1973 aliacha yote, akaenda kuishi kwenye nyumba ya watawa wa Kibudha huko Scotland.

Mwaka uliofuata walitoa Starless and Bible Black, na sehemu kubwa yake waliirekodi wakiwa jukwaani, kisha makofi ya watu yakafutwa. Unasikiza ukidhani ni studio, kumbe kulikuwa na maelfu ya watu wamekaa kimya gizani. Kuna wimbo humo unaitwa "Trio". Violini, besi, Mellotron, polepole, ulitungwa papo hapo jukwaani. Bruford hakupiga dramu hata mara moja. Alishika vijiti vyake vimepishana kifuani, akangoja, mpaka wimbo ukaisha. Na wenzake wakaandika jina lake kati ya watunzi, kwa sababu waliona kule kukataa kupiga kulikuwa mchango. Nimeusikiza huu wimbo zaidi ya wowote mwingine kwenye orodha nzima. Kwa kazi yangu, sekunde mbili za kimya ni kosa la kukatwa. Sasa huyu jamaa alikaa dakika tano na zaidi, analipwa, watu wanamtazama, na akaacha.

Tufike kwa Red. Oktoba 1974.

Kwanza muelewe hali. Cross ametolewa. Wamebaki watatu: Fripp, Wetton, Bruford. Kabla albamu ifike madukani, Septemba, Fripp ametangaza bendi imekwisha. Mwaka unaofuata alienda kuishi kwenye chuo cha mambo ya kiroho mashambani Uingereza, hataki habari za muziki. Kwa hivyo unaposikiza Red unasikiza albamu ya kuaga, na wapigaji wenyewe si wote walikuwa wanajua.

Wimbo wa mwisho ni "Starless", dakika 12. Unaanza na ile Mellotron. Ile ile niliwaambia muweke mfukoni. Ukiwa umetoka 1969 kwa miguu, wiki baada ya wiki, ikiingia hapo kifua kinajua kabla kichwa kijue. Wetton anaimba, taratibu. Halafu kila kitu kinasimama, besi inaanza kutembea kwa hatua 13, hesabu ambayo mguu hauipati, na Fripp anapiga noti moja. Noti moja tu. Anairudia, anairudia, halafu anapanda kidogo, anairudia tena. Bruford anagongagonga mbali. Hii inaenda dakika baada ya dakika, inakaza, inakaza, mpaka unataka kumwomba mtu afungue dirisha. Kisha inapasuka. Na kwenye huo mpasuko kuna saksafoni.

Anayepiga saksafoni ni Ian McDonald.

Yule wa Desemba 1969. Yule Fripp alimwambia bora mimi nitoke wewe ubaki. Miaka mitano, bendi imevunjwa na kujengwa mara ngapi, na kwenye albamu ya mwisho amerudi kama mgeni, anapuliza. Na Mel Collins, aliyekuwa saksafoni ya Lizard na Islands, pia yuko humo kwa huo wimbo. Ni kama matanga ambayo watu wa zamani wa plot wamejitokeza bila kupigiwa simu. Hakuna mahali wimbo unakuambia hivi. Maneno hayaelezi. Ukiupata "Starless" kwenye orodha ya nyimbo 50 bora za roki ya progresivu utasikia saksafoni nzuri, utasema kali, utaenda. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nimeegemea kitanda na nilikuwa nalia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimevumilia Lizard.

Siku tatu baadaye nilijaribu kutengeneza kipande chake cha sekunde 30 ili niwaonyeshe. Nikakata ule mpasuko. Bila zile dakika za noti moja, ni kelele tu. Nikakata noti moja. Sekunde 30 za noti moja, hata mimi ningeruka. Nikakata mwanzo wa Mellotron, ikawa wimbo wa mapenzi wa kawaida. Nilikaa na hiyo mikasi mpaka saa tisa usiku. Hakukuwa na mahali pa kukata. Ndiyo maana mnasoma maandishi leo badala ya kuona video.

Basi mwaka wa 1981 Fripp akarudi, na Bruford, na Wamarekani wawili: Tony Levin na Adrian Belew. Belew alikuwa ametoka kupiga na Talking Heads wakati wa Remain in Light, albamu ambayo wenyewe husema ina deni kwa Fela Kuti. Walianza kwa jina Discipline, halafu wakarudia King Crimson na jina la kwanza likabaki kwa albamu. Hakuna Mellotron. Hakuna wafalme. Ni gita mbili safi zinashonana kama cherehani.

Sikiza "Frame by Frame". Gita mbili zinaanza pamoja, noti zile zile. Moja inazunguka kwa hesabu ya 14, nyingine kwa 13. Kila mzunguko, ya pili iko hatua moja mbele. Zinaachana, zinachanganyikiwa, unadhani zimepotea, halafu zinakutana pale pale zilipoanza. Nikiwa naisikiza sebuleni, mzee wangu akasema kitu ambacho mpaka leo nakitafuna. Akasema, hao ni kama wa Franco, lakini wameficha wimbo.

Na mzee ana haki. Yeye alilelewa na rumba ya Kongo, ambapo gita la kwanza, la kati na la kusindikiza kila moja lina njia yake, na utamu uko pale njia zinapopishana. "Mario" ya Franco, 1985, inakaribia robo saa, na watu waliicheza yote, mpaka sebene ile ya mwisho, hakuna mtu alisema ni ndefu. Kwa hivyo mkiniambia nyimbo ndefu ni ya wazungu, ulizeni wazee wenu walikuwa wanacheza nini Jumamosi usiku. Sisi ndio tumefupishwa. Na msiniambie Nairobi haina masikio ya vitu vya ajabu: Duma, jamaa wawili wa hapa, walitoa albamu 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kelele ambayo ingemtisha hata Muir. Mwaka huo huo KMRU, wa Nairobi pia, alitoa Peel, ambayo karibu haina mdundo kabisa na inajaza chumba kama ukungu wa Limuru.

Kwenye Discipline pia Belew analiza gita kama ndovu. Sitanii. Wimbo unaitwa "Elephant Talk", maneno yake ni orodha ya aina za kuongea zikifuata herufi za alfabeti, na kila mara gita linapiga ukelele wa ndovu wa Tsavo aliyekanyagiwa shamba. Binamu alirudi kwa hiyo.

Zilizobaki nitasema kwa kifupi kwa sababu hazikunishika sawa. Beat ya 1982 ni Discipline iliyopunguziwa chumvi. Three of a Perfect Pair, 1984, upande mmoja ni nyimbo, upande mwingine ni watu wamechoka kupendeza. THRAK ya 1995 ni watu sita, dramu mbili, gita mbili, nzito, na hapo Mellotron inarudi kidogo na nilipiga kofi peke yangu. The ConstruKction of Light, 2000, ndiyo albamu pekee ambayo nikiulizwa niirudie nitasema niko na shughuli. Dramu zake ni za umeme na zinasikika kama mtu anachapa risiti.

Halafu ikabaki The Power to Believe, 2003. Hii ndiyo niliahirisha. Nilikuwa na wiki yake, nilikuwa na hedifoni, na sikuibonyeza. Hawajatoa albamu nyingine ya studio tangu hapo, na Desemba 2021 walipiga Tokyo, kisha Fripp akafunga duka. McDonald alikufa miezi miwili baadaye. Wetton na Lake walikuwa wameshaenda. Nikibonyeza, nitakuwa nimefika mwisho wa kitu ambacho kilinirudishia masikio, na hakuna wiki ijayo. Niliizunguka siku saba kama mtu ameona barua kutoka nyumbani na hataki kuifungua.

Niliisikiza Jumamosi iliyopita, stima ikiwa imepotea, simu iko na asilimia 20. Ni kali. Ni chuma, ni baridi, wimbo wa kwanza ni sauti ya Belew peke yake bila ala yoyote, na wa mwisho ni hiyo hiyo imerudi imezungukwa na ukungu. Ilipoisha niliacha hedifoni masikioni kama nusu saa hivi bila kitu.

Wiki ijayo naanza Magma, wale Wafaransa ambao mpiga dramu wao Christian Vander alibuni lugha yake kabisa ya kuimbia. Angalau hapo hakuna atakayeniambia sielewi maneno, kwa sababu karibu hakuna anayeelewa. Na binamu ameniandikia asubuhi hii akiuliza ile ya ndovu inaitwaje. Nimemwambia: iko mwanzo wa Discipline, na ile inayofuata usiiguse, iache icheze.